Zanzibar kwa Elfu 20? Tuache Kudanganyana

Wasee, ile vidio yangu ya "Wikendi Zanzibar kwa elfu ishirini tu" nimeitoa. Wengi mmeuliza kwa inboksi imeenda wapi. Haijafutwa na mtu. Nimeifuta mimi, na leo nataka niwaambie kwa nini, halafu niwaambie wenzangu wa kazi hii kitu ambacho hawatapenda kusikia.

Mnakumbuka vile ilikuwa. Sekunde 40. Mimi na miwani, feri, maji ya samawati, Forodhani usiku na sahani ya pweza, mwisho ile sentensi tunayoipenda sana: "Hela si shida, ni wewe tu hujaamua." Laiki zikamiminika. Nikajiona mimi ndiye balozi wa utalii.

Sasa sikilizeni safari yenyewe.

Basi lilifaa kutoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili na robo bado tulikuwa tumekaa ndani, injini imezimwa, utingo anatuambia "dakika tano" kwa mara ya tisa. Namanga si mbali, kama kilomita 160, lakini tulifika karibu saa sita. Tukapiga foleni ya kutoka Kenya, tukapiga ya kuingia Tanzania, tukasubiri abiria wenzetu wenye karatasi pungufu. Baada ya Arusha, usiku, tairi likapasuka. Dar tuliingia Jumamosi alfajiri, na stendi ya Mbezi iko mbali na bandari. Kufika pale, feri ya saa moja niliyokuwa nimelipia ilikuwa imeshaenda na tiketi yangu imekufa nayo. Ya saa tatu unusu imejaa. Nikanunua nyingine, ya saa sita unusu. Feri yenyewe ni kama saa mbili, halafu Zanzibar kuna dawati lao la uhamiaji hata kama pasipoti ilishagongwa muhuri bara. Nilitoka nje ya bandari ya Unguja saa tisa mchana.

Na Jumapili saa tisa mchana nilifaa kuwa bandarini tena.

Fanya hesabu na mimi. Kwenda, saa 33. Kurudi, saa 33 zingine, kwa sababu upepo ulichelewesha feri, basi la usiku likaniacha, nikalala Dar, na Nairobi nikaingia Jumatatu usiku wa manane. Saa 66 njiani, saa 24 kisiwani, na kati ya hizo 24 nililala kama 9. Vidio mliyoona ilipigwa yote ndani ya saa mbili za jioni moja. Hiyo ndiyo "wikendi" niliwauzia.

Tuje kwa pesa. Elfu 20 niliyoitaja ilikuwa nauli ya basi na feri kwenda na kurudi, pamoja na usiku mmoja wa chumba. Chakula sikuhesabu, ati "hata nyumbani unakula". Sikuhesabu tiketi ya pili ya feri, 4,500. Sikuhesabu chumba cha Dar, 2,500. Teksi na bodaboda za kutoka stendi hadi bandarini na kurudi, 2,900. Chakula cha siku nne, 4,000. Siku mbili za kazi zilizokatwa, 3,600. Pasipoti, 7,500 ile ya kurasa 34, hiyo nilisema moyoni kwamba "ni ya miaka kumi, haihesabiki". Ukijumlisha, imefika elfu 45. Zaidi ya mara mbili ya kile nilichoandika kwa herufi kubwa za manjano.

Na kuna moja mbaya kuliko zote. Kile chumba nilipewa nusu bei kwa sharti niwataje. Nikawataja. Nusu bei sikuitaja. Kwa hivyo hata ile elfu 20 yenyewe, wewe usingeipata.

Sasa mtasema, buda, si ni vidio tu? Nilikuwa nasema hivyo pia, mpaka siku nne zilizopita.

Kuna dada aliniandikia. Anasuka nywele kwenye saluni ya mtu, analipwa kwa kichwa. Aliona vidio yangu, akaanza kuweka akiba na rafiki yake, miezi saba. Akatafuta pasipoti. Akalipa basi, akalipa arubuni ya chumba kile kile, bei kamili. Wakaondoka. Namanga akaulizwa kadi ya homa ya manjano. Hakuwa nayo. Hakujua hata inaulizwa, kwa sababu mimi niliye nayo sikuitaja popote. Sindano yenyewe cheti chake huanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo hapo mpakani hata ungekuwa na hela za kununua jumba, huwezi kununua siku 10. Rafiki yake alikuwa na kadi. Alimwambia aendelee. Yeye akapanda matatu ya kurudi Nairobi na begi lake. Arubuni haikurudi, nauli haikurudi. Elfu 14.

Aliniandikia sentensi moja ndefu bila kunitusi, na ndani yake kulikuwa na neno "nilikuamini". Nimekula matusi mengi mtandaoni, bana. Hakuna lililonikalia kooni kama hilo.

Najua majibu ya wenzangu kwa sababu nimeshayatumia yote.

La kwanza: "Mtu mzima afanye utafiti wake." Sawa. Lakini sisi ndio tumejiita utafiti. Tunaandika "hifadhi hii posti, itakusaidia". Huwezi kujiita mwongozaji watu wakikufuata, halafu wakianguka shimoni useme wangeangalia chini.

La pili: "Watu wanataka ndoto, hakuna mtu anataka kuona foleni." Hapo kuna ukweli. Picha ya bahari peke yake ni ndoto, na sina ugomvi nayo. Lakini siku ulipoandika bei juu ya hiyo picha, haikuwa ndoto tena. Ilikuwa tangazo. Na mama mboga akikuambia nyanya ni kumi halafu zikifika kwa mfuko ziwe ishirini na mbili, huwezi kumwita msanii.

La tatu, na hili ndilo napenda zaidi: "Laumu serikali, si sisi." Wacha nikubali nusu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha mwaka 1999. Soko la pamoja, na maneno matamu ya watu kutembea huru, lilianza 2010. Basi langu lilipita Arusha hiyo hiyo, mji wa makao makuu ya Jumuiya, mimi nikiwa na karatasi nyingi mfukoni kuliko pesa. Uganda na Rwanda Mkenya anaingia na kitambulisho chake. Tanzania kitambulisho peke yake hakitoshi. Tuendelee kuuliza kwa nini, tena kwa sauti. Lakini kadi ya manjano ni sheria ya afya na ugonjwa ni wa kweli, hiyo siwezi kuwalaumu. Na zaidi ya yote, mpaka hauja­mdanganya yule dada. Sheria yake imeandikwa, haijifichi. Aliyeificha ni mimi, kwa sababu foleni na kadi havipendezi kwenye sekunde 40.

Na ile "ni wewe tu hujaamua" ndiyo imenichosha kabisa. Tunamwambia mtu anayelipwa kwa kichwa kwamba shida yake ni uamuzi. Ameamua miezi saba! Mimi niliamua nini? Nilipewa chumba nusu bei na nikakopa kwa simu kulipia kurudi, mkopo ambao niliumaliza kulipa wiki ya tatu. Hilo nalo hamkuliona kwenye vidio.

Kwa hivyo hivi ndivyo itakavyokuwa hapa kuanzia leo. Nikitaja bei, nitataja bei yote, na chakula ndani. Nikipewa punguzo au bure, nitasema kabla sijasema kitu kingine. Karatasi zinazohitajika zitakuja mwanzo wa vidio, si kwenye maoni baada ya watu kuuliza mara mia. Na safari ikiharibika, mtaona ikiharibika.

Zanzibar ni pazuri, msinisome vibaya. Nenda. Lakini ukitoka Nairobi kwa basi, usiende wikendi. Tafuta siku tano au sita. Dungwa sindano wiki mbili kabla. Weka nyuma pesa ya usiku mmoja usioupanga, kwa sababu huo usiku utakuja. Na ukiona mtu kama mimi amesimama kwenye feri anakuambia elfu ishirini tu, muulize chumba alilipa nani.

Dada wa saluni, nimekutumia nusu ya zile elfu 14. Nusu nyingine mwisho wa mwezi. Hukuniomba, najua.