Alifunga, Hufunga, Atafunga

Wahenga walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Methali hiyo hutajwa kila kijana anapong'ara katika mechi moja ya mpira wa vikapu. Usiku huohuo mashabiki hugawanyika: hawa humvika taji, wale humwita mbahatishaji. Kwa maoni yangu, mzozo huo una kiini chake katika sarufi.

Tumtazame Jeremy Lin. Alihitimu Harvard mwaka 2010, na hakuna timu ya NBA iliyomteua. Desemba 2011, timu mbili zilimwacha katika mwezi huo mmoja. Kisha tarehe 4 Februari 2012, akiichezea New York Knicks, alifunga pointi 25 dhidi ya New Jersey Nets. Siku sita baadaye akafunga 38 dhidi ya Los Angeles Lakers. Dunia ikamwimba. Mwezi uliofuata aliumia goti, na msimu ukamwishia papo hapo. Hakupata kuwa mfalme wa mchezo huo, wala hakuwa wa kubahatisha: alidumu katika NBA hadi 2019, mwaka ambao timu yake, Toronto Raptors, ilitwaa ubingwa.

Waama, waliomdharau na waliomtukuza walifanya kosa moja. "Alifunga" ni tukio lililopita. "Hufunga" ni mazoea. "Atafunga" ni utabiri. Shabiki huona li, akasoma hu, kisha akaapa kwa ta.

Hata wataalamu huteleza. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha sentimita 221, aliteuliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Februari 2010 alikwisha kupelekwa ligi ya chini, na baada ya 2014 hakucheza tena NBA. Stephen Curry, aliyeteuliwa wa saba mwaka huohuo, ndiye aliyekuja kuugeuza mchezo wenyewe.

Huenda msomaji akauliza: je, kocha asitabiri? La hasha! Hana budi kuchagua. Lakini utabiri ni deni. Anayesema "ataweza" sharti ampe kijana muda uwanjani, mafunzo, na ruhusa ya kukosea.

Walimu wenzangu, nasi tuna deni hilo. Kwa miaka mingi, hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtihani wa KCPE uliwapa watoto wetu majina ya kudumu: huyu bingwa, yule mbumbumbu. Mtihani umeondoka, ulimi wetu umesalia. Mwanafunzi aliyeanguka jana "alianguka" tu. Tukimwambia kwamba "huanguka", tumemfungia mlango kwa silabi moja. Naye aliyepasi, asilewe sifa: "alipasi" haijawa "hupasi" mpaka arudie tena na tena.

Nyota huonekana asubuhi, ndiyo. Lakini siku haihukumiwi kabla ya jua kutua.