Msiwakalishe Wagonjwa Wenu

Ndugu zangu wa Chumbi, nanyi wa Muhoro, Ikwiriri, Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji, nina neno juu ya wagonjwa wetu wa siku nyingi: wenye kisukari, wenye presha, wenye magoti yaliyokaza, wenye matende, na wale waliopigwa na kiharusi wakanusurika. Wengi wao wameacha kutembea. Hawakuacha kwa uvivu. Wameachishwa, na aghalabu waliowaachisha ni watu wanaowapenda kuliko wote.

Tazameni mambo yanavyokwenda. Mama anarudi kutoka hospitali na kadi ya kliniki mkononi. Tangu siku hiyo ndoo haigusi. Jembe anapokonywa, anaambiwa, "Tutalima sisi, wewe pumzika." Dukani anatumwa mjukuu. Zahanati anaitiwa bodaboda, hata kama paa la zahanati analiona akiwa barazani kwake. Anatandikiwa mkeka, analetewa chai, anasalimiwa kwa adabu zote. Miezi inapita, magoti yanakakamaa. Mwaka unapita, safari ya chooni inataka mtu wa kumshika mkono. Hapo majirani wanatikisa vichwa na kusema ugonjwa umemzidi. Mimi nasema sehemu kubwa ya kilichomzidi ni kule kukalishwa.

Sisi hatukuwa watu wa kukaa. Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, serikali ilianza Operesheni Rufiji, na watu wakatolewa bondeni wakahamishiwa vijiji vya juu. Nyumba zikapanda, mashamba ya mpunga yakabaki kule kule penye rutuba ya mto. Kuanzia hapo kutembea kukawa sehemu ya kilimo: mtu anateremka bondeni, anakaa kwenye dungu kuwinga ndege na nguruwe, anasubiri maji yashuke apande mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, anapanda tena kijijini kwa ajili ya msiba au harusi. Hakuna aliyeita jambo hilo mazoezi. Hakuna aliyehitaji kuhimizwa, kwa sababu njaa na mvua vilikuwa vinamhimiza.

Basi mkulima huyo akiugua na kuwaachia watoto shamba, amepoteza vitu viwili kwa mara moja. Cha kwanza kila mtu anakiona, nacho ni mazao. Cha pili hakuna anayekihesabu, nacho ni njia aliyokuwa akiipita. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, baadaye lami ikafika, na pikipiki zikaja nyuma yake. Ni neema, wala simwambii mtu aikatae, maana mjamzito mwenye uchungu hana sababu ya kutembea kwa miguu. Lakini neema hiyo hiyo imemwondolea mgonjwa wa kisukari hatua zake za mwisho zilizosalia.

Kliniki wanamwambia, "Fanya mazoezi." Anaitikia, anarudi nyumbani, anakaa. Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini. Lilikuwa agizo jema, na mijini watu walitoka na fulana na raba wakakimbia pamoja. Huku kwetu bibi wa miaka sitini na mitano hawezi kutoka nyumbani akatembea bure. Kila mlango atakaoupita ataulizwa, "Wendapi?" Akijibu, "Natembea tu," wataanza kunong'ona kwamba presha imempanda kichwani. Siku ya tatu ataona haya, na siku ya nne hatatoka.

Hili ndilo jambo ambalo wengi wetu hatujalipa uzito. Tunadhani mgonjwa amepungukiwa na hamu, kwa hiyo tunamhubiria, tunamtisha kwa habari za kukatwa miguu, tunamlaumu. Alichopungukiwa ni shughuli. Mpe pa kwenda. Mpe jambo ambalo asipolifanya kuna mtu mwingine atakayeuliza, "Mbona leo hukuja?" Babu aliyezoea kuswali nyumbani asaidiwe aende msikitini japo alasiri, na wenzake wamwekee nafasi barazani. Bibi apewe kazi ya kumpeleka mjukuu shule na kumrudisha. Mjomba mwenye matende aachiwe kwenda kuchukua dawa zake mwenyewe, na kijana atembee pembeni yake badala ya kwenda kwa niaba yake. Wagonjwa wawili wanaokaa mitaa jirani wapeane zamu ya kutembeleana. Ahadi ya mwenzako ina nguvu kuliko nia yako ya alfajiri, hasa asubuhi ile ambayo kila kiungo kinauma na moyo umekata tamaa.

Na faida si maneno ya kufarijiana. Msuli unaofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu, hata kama insulini ya mwili imekuwa dhaifu. Ndiyo maana matembezi ya dakika 10 au 15 baada ya chakula humsaidia mwenye kisukari. Presha hushuka kwa mwenye kudumu na kutembea. Goti lenye baridi yabisi huumia mwanzoni, kisha hulegea, na misuli inayolishikilia hupata nguvu. Wapo ambao mishipa ya damu ya miguuni imebana: wakitembea kidogo shavu la mguu linauma, wakisimama linaachia. Hao, daktari akishawapima na kuwaruhusu, hupewa kutembea kuwa ni sehemu ya tiba. Watembee hadi maumivu, wapumzike, waendelee.

Nitakaa kidogo kwenye matende, kwa sababu pwani hii imeteseka nayo na wenye nayo hujificha. Mpango wa taifa wa kuyatokomeza ulianzia kisiwani Mafia, hapo mbele ya delta yetu, mwaka 2000, kwa kugawa dawa za kuua vijidudu vinavyosambazwa na mbu. Dawa zile huzuia maambukizi mapya. Mguu uliokwisha kuvimba unataka matunzo ya kila siku: uoshwe kwa maji safi na sabuni, ukaushwe katikati ya vidole, unyanyuliwe wakati wa kukaa, na utembezwe. Maji yaliyojaa mguuni hayana moyo wa kuyasukuma. Yanayoyapandisha ni misuli inapokaza na kulegea, na mguu usiotembea huyaacha yatuame kama dimbwi lisilo na mfereji. Ila mguu ukipata moto, ukawa mwekundu na homa ikapanda, hapo mgonjwa alale na atafute matibabu; kutembea kusubiri mpaka mguu utulie.

Kiasi gani kinatosha? Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaowataja waziwazi wenye magonjwa ya muda mrefu, kwamba wakiweza wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani. Hata ile 150 ni dakika 20 na kitu kwa siku. Mwongozo huo huo unasema asiyefika hapo afanye anachoweza, kwani kidogo kina faida kuliko kukaa. Zile hatua 10,000 kwa siku zinazowavunja watu moyo hazikutoka kwa daktari. Zilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Waislamu wenzangu wanalijua fundisho la Mtume kwamba amali ipendwayo zaidi ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Siku mbaya ikija, mgonjwa afike mwembeni arudi. Na ikitokea amekatika kwa wiki nzima, kwa homa, kwa msiba, au kwa mafuriko kama yale ya Aprili 2024, asianze pale alipoachia. Aanze tena na mwembeni.

Atasema mtu, "Akianguka njiani je?" Swali la haki. Ndiyo maana nasema asiende peke yake. Mwenye maumivu ya kifua, anayehema akiwa amekaa, au mwenye kidonda mguuni, aonane na daktari kwanza. Mwenye kisukari asitembee pekupeku, wala kandambili hazimfai kwa mwendo mrefu. Avae kiatu kilichofunika vidole, na jioni akague nyayo zake, au akaguliwe, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hausemi umechomwa na mwiba. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari achukue sukari kidogo mfukoni, na akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi aile na akae. Asitoke kabla ya mapambazuko. Wazee wanakumbuka miaka ya 2002 hadi 2004, simba walipoua watu zaidi ya 30 katika wilaya ya Rufiji, na mpaka leo gizani si mahali pa mtu mwenye miguu mizito. Jua likishapanda kidogo, au linapopoa alasiri, ndio wakati.

Viongozi wa vijiji nao wana sehemu yao, wala haihitaji bajeti. Kutoka makazi hadi msikitini, shuleni na zahanati, wekeni magogo ya kukalia kwenye vivuli. Mgonjwa anayejua kwamba atapata pa kupumzika kila baada ya mwendo mfupi, hutoka. Asiyejua hubaki barazani. Fyekeni njia hizo baada ya mvua. Nanyi wahudumu wa zahanati, mkimwandikia mgonjwa dawa muulizeni pia anakwenda wapi kila siku na anakwenda na nani, mlikumbuke jibu lake mpaka kliniki ijayo.

Nanyi watoto na wajukuu, nawasihi kwa mapenzi yenu yale yale. Leo alasiri mleteeni mzee wenu viatu vyake, mpeni la kwenda kufanya, kisha ondokeni naye.