Nilipiga Kura ya Ndiyo, Jumapili Nikaenda Misa

"Mwanangu, wewe ni Mkatoliki wa aina gani?" Aliniuliza hivyo mzee mmoja wa kwetu hapa Dublin, baada ya Misa ya Pentekoste, tarehe 24 Mei 2015. Alikuwa amesikia kwamba Ijumaa yake, kwenye kura ya maoni kuhusu ndoa za jinsia moja, nilipiga kura ya Ndiyo. Siku ile nilinyamaza kwa heshima. Leo namjibu.

Shikamoo mzee. Kwanza tukumbushane tuliulizwa nini. Karatasi ya kura haikuuliza kama ushoga ni dhambi. Iliuliza kama katiba ya Ireland iruhusu watu wawili kufunga ndoa kisheria bila kujali jinsia zao. Hiyo ni ndoa ya serikali, si sakramenti. Mwaka 1995 nchi hii iliruhusu talaka kwa kura hizihizi; maaskofu walipinga, wakashindwa kwa kura chache mno. Je, tangu hapo kuna padri aliyelazimishwa kuwafungisha ndoa waliotalikiana? Wapi!

Utasema walishapewa mkataba wao na sheria ya mwaka 2010, sasa wanataka nini tena? Mzee, mkataba ule ulitungwa na Bunge, na Bunge lingeweza kuufuta. Katiba haibadilishwi bila kura ya wananchi. Wewe ungekubali ndoa yako na mama itegemee nani kashinda uchaguzi?

Na sisi wapenda vitabu tuna deni la ziada. Tunamsoma Oscar Wilde, mtoto wa Dublin hii, tunacheka weee, halafu tunasahau kwamba mwaka 1895 alifungwa miaka miwili na kazi ngumu. Sheria iliyomfunga, ya mwaka 1885, ilibaki vitabuni katika Ireland huru. Aliyeipeleka mahakamani ni David Norris, mwalimu wa fasihi na bingwa wa James Joyce. Norris ni shoga, na ni Mwanglikana wa kwenda kanisani. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilimkatalia, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa mafundisho ya Kikristo. Alishinda Strasbourg mwaka 1988, sheria ikabadilishwa mwaka 1993. Sasa hebu niambie, nani alikuwa anaitetea imani pale: majaji walioutumia Ukristo kulinda kifungo cha jela, au huyo Mkristo aliyefungua kesi?

Usiniambie pia eti nimeacha mila zetu. Vifungu vya Kenya na Tanzania vinavyowafunga watu hawa tuliachiwa na Waingereza walewale.

Ndiyo ilipata asilimia 62, katika nchi ambayo wengi wake ni Wakatoliki. Mary McAleese, rais mstaafu na Mkatoliki, aliiunga mkono hadharani. Kwa hiyo Wakatoliki wa aina yangu tupo wengi, mzee. Imani yangu inanidai nisali, nifunge, niungame dhambi zangu. Za jirani hainidai nizipigie kura.

Jumapili ile tulisimama foleni moja ya komunyo, wewe mbele, mimi nyuma yako. Swali lako ulikuja kuniuliza nje. Tuliporudi kwenye benchi ulinisogelea kunipisha nikae, na ndivyo ninavyotaka tuendelee.