UKURASA WA WAZAZI: Picha ya mtoto na siri ya nyumba

Mwezi huu tunaongea juu ya simu, maana siku hizi nyumba nyingi hapa kambini zina simu moja ya intaneti, na anayeijua vizuri ni mtoto kuliko baba na mama.

Hatusemi simu ni mbaya. Kwa simu tunapata habari za Uvira na Bujumbura, na tunaona sura za ndugu waliohamia Marekani. Lakini wazee walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Leo kata yenyewe ni simu: inachota ndani ya nyumba na kumwaga mbali.

Sisi wakimbizi tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Wengi tuliingia Kigoma kwa kuvuka Ziwa Tanganyika, wengine kutoka Kongo mwaka 1996, wengine kutoka Burundi mwaka 2015. Kuna mama aliyemkimbia mume katili. Kuna baba ambaye wanaomtafuta bado wapo. Sasa mtoto anajipiga picha mlangoni akicheka, nyuma yake inasomeka namba ya nyumba, mwilini ana sare ya shule, halafu anaiweka Facebook. Basi, mahali mnapolala pamejulikana. Na huyo mtoto hana kosa kama hakuna aliyemwambia.

Jambo la pili ni makaratasi. Kadi ya mgao na hati za familia zina majina na namba zetu. Tapeli akipata picha yake anakupigia, anakuita kwa jina, anataja namba yako, kisha anasema umepata safari ya Kanada, tuma pesa ya fomu. Jamani, huduma za UNHCR hazilipiwi hata senti, na safari ya nchi ya tatu hainunuliwi. Anayedai pesa ni mwizi, hata akijua majina ya watoto wako wote.

La tatu ni zito. Mtu asiyejulikana anamtumia binti vocha na maneno matamu. Baadaye anaomba picha ya mwili. Akiipata anaanza vitisho: tuma nyingine au naisambaza. Wavulana pia wanafanyiwa hivyo. Mtoto akikuambia, usimpige. Ukimpiga leo, kesho hatasema tena, na atabaki peke yake na yule mtu. Msitume pesa. Msifute ujumbe, ndio ushahidi. Picha ile msimrushie mtu yeyote, hata kwa kulalamika. Nendeni kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au pigeni 116, namba ya kusaidia watoto, ni bure.

Nyumbani tufanye nini?

1. Simu iwe na namba ya siri, hasa tunapoiacha kwenye kibanda cha kuchaji.

2. Ile namba ya tarakimu 6 inayotumwa na WhatsApp tusimpe mtu, hata akisema ni ndugu au mfanyakazi wa shirika. Ukimpa, WhatsApp yako imekuwa yake.

3. Picha yetu ya WhatsApp tuipange ionekane na watu tuliohifadhi namba zao tu.

4. Kabla ya kutuma picha yoyote tuulizane: nyuma kunaonekana nini? Na waliomo wamekubali?

5. Ndugu walioko Ulaya na Marekani tuwaombe wasitoe picha zetu bila kutuuliza. Kwao ni upendo, kwetu inaweza kuleta hatari.

6. Facebook na WhatsApp zenyewe zinataka mtu awe amefika miaka 13. Aliye chini ya hapo atumie simu akiwa karibu na mkubwa.

Kumnyang'anya mtoto simu peke yake hakusaidii, ataazima ya jirani. Kinachomlinda ni kujua, na kuona sisi wakubwa tunafanya vilevile. Mama akipiga picha kadi ya mgao na kuirusha kwenye kundi la kwaya, mtoto atajifunza nini?

Basi jioni moja, baada ya chakula, mwambieni mtoto awaonyeshe picha alizoweka na watu anaoongea nao. Ulizeni kwa upole. Atawafundisha simu, nanyi mtamfundisha dunia.

Tuonane mwezi ujao.