Kabla ya Kusema Kuna Uhai Angani, Tuchimbe Kwanza

Kuna ubishi mmoja ambao hauishi mabwenini baada ya prepu: je, nyota tunazoziona usiku zina sayari zenye viumbe hai kama dunia yetu? Kambi ni mbili. Ya kwanza husema, "Wako! Tena wametuzidi akili." Ya pili hujibu, "Hakuna kitu. Wangekuwapo si wangekuja?" Mimi sijiungi na kambi yoyote, kwani zote mbili zinasema kabla ya kuchimba.

Hebu nifafanue. Sisi wa Ukambani tunajua habari ya mto mkavu. Mgeni akipita mtoni wakati wa kiangazi ataona mchanga mtupu, aape kwamba hapa hapana hata tone la maji. Mama wa kijijini huja na ndoo yake, akachimba mchanga uo huo, na baada ya muda akateka maji. Lakini mama huyo hachimbi popote tu, maana kuna mahali utachimba hadi jioni na usipate ila vumbi. Kwa hivyo kutoona si hoja. Kutamani nako si hoja.

Kwanza, tusibishane tena kama sayari zenyewe zipo. Mwaka wa 1995 wanasayansi wawili wa Uswisi, Michel Mayor na Didier Queloz, walitangaza kuwa wamegundua sayari inayozunguka nyota inayofanana na jua letu. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019. Kufikia mwaka wa 2022, sayari za nyota nyingine zilizothibitishwa zilikuwa zimepita 5,000. Nyota iliyo jirani kabisa na jua letu, Proxima Centauri, iligunduliwa mwaka wa 2016 kuwa na sayari yake. Jirani huyo yuko umbali wa miaka-nuru 4.2, yaani mwangaza husafiri zaidi ya miaka minne kufika huko. Chombo kama Voyager 1, kilichorushwa mwaka wa 1977, kwa mwendo wake kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza umbali huo. Sasa wewe unayeuliza mbona hawaji, umepiga hesabu ya nauli?

Pili, jambo hili si la Wazungu peke yao. Mwaka wa 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulizipa nchi nafasi ya kutoa majina. Kenya iliita nyota moja Kalausi na sayari yake Buru, maneno ya Kijaluo yenye maana ya kimbunga na vumbi. Ndugu zetu wa Tanzania wakaita yao Mpingo na Tanzanite. Kisha katika shindano la 2022 kikundi cha Wakenya kikapendekeza majina ya Kimaasai, yakakubaliwa: nyota ikaitwa Orkaria, ule udongo mwekundu wa kujipaka, na sayari ikaitwa Enaiposha, yaani maji mengi kama ya ziwa. Hilo ndilo neno lililotupa jina la Naivasha.

Ama kweli jina hilo ni tamu. Lakini je, Enaiposha ina maji? Hapo ndipo uchimbaji huanza. Sayari hiyo iligunduliwa mwaka wa 2009, na iko umbali wa miaka-nuru 48 hivi. Upana wake ni karibu mara 2.7 wa dunia yetu, nayo huizunguka nyota yake kwa muda wa saa 38 tu. Hakuna aliyeiona sura. Kinachoonekana ni nyota kufifia kidogo kila sayari inapokatiza mbele yake, kama taa inavyofifia nondo akipita. Mwanga unaopenya kwenye hewa ya sayari hupungukiwa na rangi fulani, na kila aina ya hewa ina rangi zake inazozimeza. Wataalamu husoma rangi zilizopotea, wakajua kuna hewa gani.

Mwaka wa 2022 darubini kubwa ya angani iitwayo James Webb iliielekea Enaiposha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2023 yalionyesha kuwa imegubikwa na ukungu mzito, na joto la upande wa mchana ni nyuzi 279 hivi, la usiku 165. Maji hapa kwetu huchemka kwa nyuzi 100! Huenda mvuke wa maji upo chini ya ukungu huo, lakini ziwa la kuvua samaki usilitafute. Basi jina la maji halileti maji.

Wenye kukata tamaa watasema, "Si tuliwaambia?" Taratibu, jamani. Nendeni Ziwa Magadi. Maji yake ya magadi yangekuchubua ngozi, na chemchemi zake ni za moto, lakini kuna samaki wadogo wanaoishi humo. Chemchemi za Bogoria zinatokota, na bado kuna bakteria wanaostawi ndani yake. Uhai ukishaanza, hung'ang'ania hata pagumu. Tusilolijua ni jinsi unavyoanza, na kama ulianza mara moja tu au mara nyingi. Kung'ang'ania ni jambo moja, kuanza ni jingine.

Wenye haraka nao wana funzo lao. Mwezi wa Aprili 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza kwamba huenda katika sayari iitwayo K2-18b kuna gesi ambayo hapa duniani hutolewa hasa na viumbe vidogo vya baharini. Magazeti yakavuma kote. Punde si punde wataalamu wengine wakaipitia hesabu ile ile, wakasema ushahidi hautoshi. Si aibu hiyo. Mmoja amechimba, mwenzake amekuja kupima kama ni maji au ni unyevu tu.

Najua yuko atakayeniambia, "Watu wanatembea kilomita kutafuta maji, wewe unatuletea nyota!" Hoja hiyo naiheshimu, kwani njaa haina mzaha. Lakini tazama Zuhura, sayari jirani inayokaribia dunia yetu kwa ukubwa. Hewa ya ukaa imeifunika hata joto lake likapita nyuzi 460. Anayejifunza ni kwa nini sayari moja hufaa kwa uhai na nyingine ikaungua, anajifunza pia namna ya kuitunza hii tuliyo nayo. Nani ana haja zaidi ya elimu hiyo kuliko sisi ambao mvua hutukimbia?

Wengine huhofia kuwa swali hili linapingana na dini. Sioni vipi. Hata Vatican ina kituo chake cha kuchunguza nyota. Kuuliza Muumba ameumba nini zaidi si kumkana.

Maoni yangu ni haya: nadhani uhai mdogo mdogo uko mahali fulani, lakini sitaapa, kwa kuwa bado hatujachimba tukafika. Ninaloliogopa ni sisi kubaki watoa majina huku wengine wakichimba. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa karibu na Malindi kwenda kuchunguza miali ya eksirei angani. Ardhi yetu, na jina letu, lakini wanafunzi wangapi hapa walilijua hilo?

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Chama cha Kiswahili na wenzetu wa sayansi tuchange, tununue darubini japo ndogo. Machakos iko karibu na ikweta, nasi huona nyota za kusini na za kaskazini ambazo wengi hawazioni pamoja. Na sisi wa lugha tuandike habari hizi kwa Kiswahili, ili mtoto wa Mwala au Masinga asizuiwe na Kiingereza kuuliza. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha angani naye sharti ainue kichwa, tena ashike jembe.