Maji ya Jambiani ni yetu sote

Tunapokwenda Jambiani kupunga upepo, watoto hukimbilia majini. Ni wachache wetu tunaojiuliza maji ya chooni yanakwenda wapi. Ardhi ya huko ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Uchafu wa karo lisilosakafiwa hupenya upesi hadi visimani na ufukweni, wanakolima mwani akina mama. Hiyo ni njia ya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), alifundisha kwamba maji salama ni haki ya kila mtu. Basi tusiwalaumu wenye hoteli peke yao. Tusakafie makaro yetu, tuyamwage mapema mahali panaporuhusiwa, na tuchemshe maji ya kunywa.