Uvimbe wa taya kwa mtoto: daraja tunalo, dalili bado zinatupita

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa Juni 19, 2025, mgonjwa anayetoka Sengerema kwenda Hospitali ya Bugando hasubiri tena kivuko. Lakini upo ugonjwa ambao muda wake hupotelea nyumbani, kabla ya safari kuanza. Ni saratani ya tezi aina ya Burkitt. Hushambulia zaidi watoto, na ukanda wetu wa Ziwa ni miongoni mwa maeneo inakoonekana sana duniani.

Jina limetokana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya. Baadaye aligundua kuwa uvimbe huo hufuata maeneo ya joto na mvua, yaani kwenye malaria nyingi. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikapatikana katika seli zake. Watu wengi tunaishi navyo bila madhara. Malaria ya mara kwa mara utotoni ndiyo inayohusishwa na kuchochea saratani hii. Saratani yenyewe haiambukizi, na wala si kurogwa.

Ugumu ni kwamba huanza kama jambo la kawaida. Shavu linavimba upande mmoja, meno yanalegea, mzazi anadhani ni jino bovu. Linang'olewa, uvimbe unaendelea. Hapo ndipo tunapoumia, kwa sababu seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa watoto wengine jicho hutokeza, tumbo hujaa, au miguu hulegea ghafla.

Watu wazima nao hupata saratani za tezi, hasa wanaoishi na VVU. Angalieni tezi ya shingoni, kwapani au kinenani iliyovimba wiki kadhaa bila maumivu, homa zisizoisha, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kukonda. Kifua kikuu huleta dalili kama hizi, kwa hiyo makohozi yakionekana safi, au dawa za TB zisipoleta nafuu, ombeni rufaa mkachukuliwe kinyama kikapimwe.

Burkitt husikia dawa za saratani upesi, na watoto wengi wanaowahishwa hupona. Kama jino limeng'olewa na shavu bado linakua, mrudishe mtoto kituoni wiki hiyohiyo, umuulize mganga waziwazi: hii haiwezi kuwa Burkitt?